Heliamu na Mashahidi Wake

Mazungumzo yetu ya jioni hii yahusu gesi iitwayo heliamu, na hasa ala ambazo wenye ilimu wamezibuni ili wapate kujua, pindi gesi hiyo inapochanganyika na nyingine, ni kadiri gani ya mchanganyiko ule iliyo heliamu. Jambo hili kwa kulisikia laelekea kuwa kavu, nami sitawaficha ya kuwa mna hesabu ndani yake; walakini lilianza kwa kisa cha kuchekesha, na kisa hicho ndicho nitakachokitanguliza.

Mwezi wa Mei 1903, katika mji mdogo wa Dexter, jimboni Kansas nchini Marekani, watu waliokuwa wakichimba ardhi waliifumua gesi iliyotoka kwa mngurumo mkubwa, na wenyeji wakaona ya kuwa bahati imewaangukia, kwani zama zile mji uliopata gesi ya kuwasha ulitazamia viwanda, taa na utajiri. Ikapangwa siku ya sherehe, watu wakaalikwa, hotuba zikatolewa, na kilele cha mambo kikawa ni kuitia moto ile gesi ili kila aliyehudhuria aione nguzo ya mwali. Robota la majani makavu likawashwa, likasukumwa hadi penye gesi, na gesi, badala ya kushika moto, ikauzima. Wakajaribu tena, ikauzima tena. Mwisho watu wakatawanyika wakirejea makwao, wengine wakicheka na wengine, hasa waliokwisha piga hesabu za faida, wakiwa hawana la kusema.

Erasmus Haworth, aliyekuwa mjiolojia wa jimbo lile, alichukua gesi kidogo katika mtungi akaipeleka Chuo Kikuu cha Kansas, na huko mabwana wawili wa kemia, Hamilton Cady na David McFarland, wakashika kazi ya kuichambua. Wakakuta methani, ambayo ndiyo iwakayo, ni asilimia 15 tu, na naitrojeni ni asilimia 72, na baada ya hizo likabaki salio la zaidi ya sehemu kumi katika mia, salio gumu lisilokubali kuungana na kitu chochote walichokileta mbele yake. Chuo kile kilikuwa na mashine ya kuipoza hewa hata ikawa maji, baridi yake ikikaribia digrii 190 chini ya sufuri, na katika baridi hiyo waliitumia hila aliyoivumbua James Dewar kule London: waliipitisha gesi juu ya mkaa wa vifuu vya nazi, naam, vifuu vilevile ambavyo sisi watu wa pwani hutengenezea upawa au tukavitupa nyuma ya jiko. Mkaa huo ukiwa katika baridi kali huzimeza gesi karibu zote, huiacha heliamu ikielea peke yake. Kilichobaki walikitia katika bomba la kioo, wakakipitishia umeme, wakautazama mwanga wake, na humo wakauona ule mstari wa njano, alama ya heliamu, ambao Pierre Janssen na Norman Lockyer walikuwa wameuona katika mwanga wa jua mwaka 1868, na ambao William Ramsay aliukuta hapa duniani mwaka 1895 katika jiwe lenye urani. Ilikuwa Desemba 1905, na gesi ya Dexter ilihesabiwa kuwa na heliamu asilimia 1.84.

Nimekirefusha kisa hiki makusudi, kwa sababu chatuonyesha tabia ya heliamu iliyowataabisha wapimaji wote waliofuata. Ukitaka kuijua hewa ya ukaa, ipulizie katika maji ya chokaa nayo yatageuka meupe kama tui. Haidrojeni ukiiwasha huwaka, na oksijeni hukifufua kijiti kilichokaribia kuzimika. Kila moja hujibu ikiulizwa. Heliamu haiwaki wala haiwashi, haina rangi, haina harufu, haiungani na asidi wala na madini, na haiachi alama juu ya kitu ilichokigusa. Ni mithili ya mdaiwa aliyenyamaa kimya mbele ya kadhi: haungami wala hakanushi, na kadhi hana budi kuwasikiliza mashahidi. Basi kila ala ya kupima heliamu, wasikilizaji wangu, kwa hakika haiipimi heliamu yenyewe. Yapima jambo jingine, joto au sauti au uzito, kisha sisi kwa hesabu twalitoa jambo hilo katika ushahidi na kulitia katika hukumu. Na mwenye kusoma namba iliyotoka katika ala kama hiyo yampasa aulize swali ambalo kadhi yeyote angaliuliza: huyu shahidi aliona nini hasa, na je, hakuna mwingine ambaye kwa mbali angalidhaniwa kuwa ndiye?

Shahidi wa kwanza na wa zamani ni joto. Katika siku za Vita Vikuu vya Kwanza, bwana mmoja wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, jina lake G. A. Shakespear (msimchanganye na yule mtunzi wa tamthilia, kwani huyu wetu jina lake halina ile herufi ya mwisho), alitengeneza ala iitwayo katharomita. Ndani ya kipande cha shaba nene hutobolewa vyumba viwili vidogo, na katika kila chumba hunyoshwa uzi mwembamba wa platini unaopashwa moto kwa umeme. Chumba kimoja hufungiwa hewa ya kawaida, na kingine hupitishwa gesi inayotakiwa kupimwa. Gesi iliyo hodari wa kuchukua joto huupoza uzi, na uzi wa madini ukipoa huuzuia umeme kwa uchache zaidi kuliko ulipokuwa moto. Nyuzi mbili zile zikiunganishwa katika ule mpango wa nyaya uitwao daraja la Wheatstone, hitilafu ndogo mno baina yao huusogeza mshale juu ya bamba la namba. Heliamu huchukua joto kwa kadiri ya mara sita kuliko hewa, kwa hiyo hata kidogo chake hudhihirika. Ni ala sahili, haina kitu kinachozunguka wala kinachochakaa upesi, na hata leo, baada ya zaidi ya miaka mia, ingali imo katika vyombo vingi vinavyouzwa, ijapokuwa uzi wa platini mara nyingi umeipisha chembe ya silikoni isiyozidi ukucha.

Lakini shahidi huyu ana ila kubwa. Haidrojeni huchukua joto mara saba kuliko hewa, na mshale hauwezi kupambanua kama umesogezwa na haidrojeni ama na heliamu. Zama za Shakespear jambo hili halikuwa udhia, maana katika vyombo vya angani vya siku zile, vilivyoelea kwa gesi nyepesi, gesi iliyohitaji kupimwa ilikuwa ndiyo haidrojeni yenyewe. Na kwa kuwa tumevitaja vyombo hivyo, yafaa tukumbuke ya kuwa kimoja, L59 cha Wajerumani, kiling'oa nanga Bulgaria Novemba 1917 kikiwa kimejaa haidrojeni na shehena ya dawa na risasi, kikikusudia kuja hapa Afrika Mashariki kumsaidia Jenerali von Lettow-Vorbeck, kikafika Sudan na huko kikaamriwa kurudi. Heliamu ilipoanza kutiwa katika vyombo vya Wamarekani mwaka 1921, katharomita ile ile iligeuzwa kuipima, ikawa inasema kweli maadamu hapana haidrojeni karibu. Hewa ya ukaa nayo huvuruga kwa upande wa pili, kwa kuwa huchukua joto kwa uchache kuliko hewa, na mvuke wa maji haukosi kuleta fitina.

Mahali ambapo ala hii imefanya kazi ya kusifika ni hospitalini, na mimi kwa ladha yangu naona hapana matumizi yake yaliyo mazuri kuliko haya. Daktari anataka kujua mapafu ya mgonjwa yana nafasi kiasi gani, lakini mtu hata akitoa pumzi zake zote, hewa nyingine hubakia ndani isiyoweza kutolewa wala kupimwa kwa kupuliza. Basi mgonjwa hufungwa kibanio puani, akavuta pumzi kutoka katika chombo kilichofungwa, chenye ujazo unaojulikana na heliamu ya kiwango kinachojulikana. Tuseme chombo ni lita sita na heliamu ni asilimia 10. Mgonjwa huvuta na kutoa, huvuta na kutoa, dakika kadhaa, na kwa kuwa heliamu haiingii damuni ila kidogo mno, yenyewe yaenea tu, ikishirikiana baina ya chombo na mapafu hata ikawa sawasawa kote. Ikiwa katharomita sasa yasoma asilimia 7.5, maana yake heliamu ile ile imetandazwa katika lita nane, na lita mbili zilizoongezeka ndiyo nafasi iliyokuwa kifuani mwa mgonjwa. Hewa ya ukaa anayoitoa hunyonywa na chokaa ya soda, unyevu hukaushwa, oksijeni anayoitumia hurudishwa, yote hayo ili shahidi wa joto asitiwe maneno kinywani na mtu mwingine.

Shahidi wa pili ni sauti. Sote tumepata kusikia jinsi mtu aliyevuta heliamu anavyozungumza kwa sauti nyembamba ya kitoto. Jambo hilo hufanyiwa mzaha, lakini ndani yake mna kipimo. Katika hewa yenye joto la digrii 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, ilhali katika heliamu tupu hupita mita 1,000, kwa sababu chembe zake ni nyepesi. Weka bomba fupi, upande huu kitoa sauti kali isiyosikika na sikio la binadamu, upande ule kipokezi, pima muda wa safari, na kasi itakayopatikana itakuambia heliamu ni kiasi gani. Ala za namna hii zinapendwa na wazamiaji wa vina virefu, ambao huchanganya heliamu katika mitungi yao kwa kuwa naitrojeni ikishindiliwa na uzito wa bahari humlevya mtu kama mvinyo. Wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani walipumua heliamu na oksijeni mwaka 1939 walipoiopoa nyambizi Squalus, na tangu hapo mchanganyiko huo haukuachwa.

Hapa hesabu inakuwa tamu kidogo. Mchanganyiko wa wazamiaji aghalabu una gesi tatu, oksijeni, heliamu na naitrojeni, na kasi moja ya sauti haiwezi kuamua mambo matatu. Kwa hiyo ala huwa na mashahidi wawili: kiseli kidogo cha kemia kinachoitambua oksijeni kwa kuzalisha umeme kila inapokigusa, na bomba la sauti au uzi wa joto kwa ajili ya heliamu; naitrojeni haishuhudiwi na yeyote, bali huhesabiwa kuwa ndiyo kilichobaki mpaka itimie mia. Maana yake ni kwamba kosa la shahidi yeyote kati ya wawili hao huangukia pia katika naitrojeni. Kiseli cha oksijeni huchakaa kwa miaka michache, na kasi ya sauti hubadilika kwa joto, hata gesi iliyotoka katika mtungi ulioanikwa juani, ikiwa ala haikupewa habari ya joto lake, itasomwa kuwa na heliamu nyingi kuliko iliyomo. Mzamiaji aliye makini huipitishia ala yake hewa ya kawaida kwanza, aone kama inasoma oksijeni 20.9 na heliamu sufuri, ndipo aiamini kwa jambo jingine.

Kuna shahidi wa tatu, mwenye hadhi kuliko wote na bei kuliko wote, naye ni spektromita ya masi. Gesi huingizwa katika chombo kilichotolewa hewa kabisa, chembe zake hugongwa na elektroni zikapata chaji ya umeme, kisha hurushwa mbele ya sumaku inayozipinda njia: nyepesi hupindwa sana, nzito hupindwa kidogo, na kila uzito ukatua mahali pake. Heliamu hutua penye nne. Alfred Nier, mstadi wa ala hizi nchini Marekani, aliipa heliamu kazi mpya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale walipokuwa wakijenga huko Oak Ridge mtambo wa kutenga urani, wenye mabomba yasiyokubali tundu hata lililo dogo kuliko jicho kuona. Waliyaunganisha mabomba na spektromita, wakayanyunyizia heliamu kwa nje, na popote penye ufa heliamu iliingia na sindano ikainuka. Katika hewa tunayoivuta heliamu ni sehemu tano tu na kidogo katika milioni, ndiyo sababu mgeni yeyote huonekana upesi. Hata hivyo, shahidi huyu naye anaweza kughurika: haidrojeni ile nzito, chembe zake mbili zikishikamana, uzito wao ni nne vilevile, na ala ya kawaida haiwezi kuzitenga.

Kromatografia nitaipita haraka. Ni bomba refu lililojazwa chenga zenye vitundu, na gesi husukumwa ndani yake zikashindana mbio, kila moja ikitoka kwa wakati wake na kupimwa na uzi wa joto mlangoni. Ajabu yake ni moja tu: gesi ambayo mafundi wengi huitumia kuzisukuma nyingine ni heliamu yenyewe, na mwenye kutafuta heliamu akasahau kuibadilisha kwa agoni ataitafuta katika bahari ya kitu anachokitafuta.

Zaidi ya hayo yote, heliamu ina tabia nyingine ambayo mpimaji hana budi kuijua. Mwaka 2018, katika hospitali moja karibu na Chicago, simu na saa za mkononi kama arubaini za watumishi ziliacha kufanya kazi kwa siku moja. Mafundi walikuwa wakifunga mashine mpya ya kupiga picha za mwili kwa sumaku, ambayo hupozwa kwa heliamu ya maji, na gesi ikavuja ikaingia katika njia za hewa za jengo. Ndani ya simu zile mlikuwa na saa ndogo ya silikoni inayotetemeka katika kijisanduku kilichotolewa hewa. Heliamu ilipenya kuta zake, na saa ikashindwa kutetemeka. Heliamu hupenya hata kioo, na kwa tabia hiyo imewahi kutengenezewa ala, ambamo ukuta mwembamba wa kwatzi uliopashwa moto huipitisha yenyewe na kuzizuia nyingine. Lakini kwa wanaochukua sampuli jambo hili ni msiba, maana gesi iliyotiwa katika chupa ya kioo na kukaa miezi safarini haitafika kama ilivyoondoka. Ndiyo sababu wanaotafuta heliamu katika chemchemi huichukua katika bomba la shaba, wakalibana ncha zote mbili kwa vibano vya chuma mpaka shaba ikashikana na shaba.

Mabomba hayo ya shaba yametumika sana katika nchi yetu. Chemchemi za moto za Tanzania zenye kutoa mapovu ya gesi zilikuwa zimeandikwa tangu miaka ya 1950 na 1960 na mjiolojia T. C. James, na heliamu ilitajwa humo, lakini dunia haikuwa na haja nayo. Juni 2016, katika mkutano wa wanajiokemia huko Yokohama, Japani, Diveena Danabalan wa Chuo Kikuu cha Durham, akishirikiana na wenzake wa Oxford na kampuni ya Helium One, alieleza ya kuwa gesi itokayo katika bonde la Rukwa ina heliamu inayofikia asilimia 10, na likatolewa kadirio la futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja ya bonde. Upande huo wa Rukwa ndimo ilimo Ivuna, iliyojulikana tangu kale kwa chumvi inayopikwa kutokana na maji yake, na ambako mwaka 1938 kilianguka kimondo kinachothaminiwa mno na wanazuoni. Yaonyesha ardhi ile imezoea kupokea na kutoa vitu adimu.

Hoja ya Danabalan na wenzake ilikuwa nzuri. Heliamu huzaliwa katika miamba ya kale sana kwa kuoza kwa urani na thoriamu, hukaa humo imefungwa miaka mamilioni, na joto la volkano ndilo liifunguliayo. Penye volkano karibu mno, hewa ya ukaa hutoka kwa wingi ikaizamisha, kiwango kikashuka. Penye umbali mno, joto halifiki na heliamu haitoki. Kwa maneno mengine, asilimia ya heliamu katika kila chemchemi ndiyo ramani yenyewe, na aliyepima vibaya amechora ramani ya uongo.

Magazeti yaliichukua ile namba ya kumi yakaishangilia, na hapa ndipo ninapotaka kuwa mgumu kidogo. Asilimia si wingi. Mapovu machache kwa saa yenye heliamu sehemu kumi katika mia hayana faida kwa mfanyabiashara, na kisima chenye sehemu mbili tu kinachotoka kwa nguvu mwaka mzima kinaweza kumtajirisha. Fauka ya hayo, namba ya chemchemini mara nyingi imesafishwa: oksijeni ikionekana katika sampuli, mpimaji hujua ya kuwa hewa imeingia, huiondoa hewa hiyo kwa hesabu pamoja na naitrojeni yake, na asilimia ya heliamu hupanda. Kufanya hivyo si hila, ni desturi ya haki. Ila msomaji anastahili kuambiwa kama namba aliyopewa ni ya kabla au ya baada.

Mapema mwaka 2024, katika kisima cha Itumbula Magharibi, Helium One ilitangaza kuwa heliamu imefika juu ya ardhi kwa kiwango cha asilimia 4.7, karibu mara elfu tisa ya ilivyo katika hewa, na habari zilizofuata zilitaja haidrojeni pia. Sasa tufanye hesabu ya mkono. Tuseme gesi ina heliamu sehemu tano na haidrojeni sehemu mbili, nyingine zote ni naitrojeni. Katharomita ya Shakespear ikiachwa peke yake mbele ya gesi hiyo itazijumlisha zote mbili, na kwa kuwa haidrojeni huchukua joto kuliko heliamu, mshale utapita saba. Mwenye kisima atafurahi, na mnunuzi atakayepima kwa spektromita atakuta tano. Kwa hiyo katika mtambo wa kuchimba wa siku hizi gesi inayopanda na matope hunyonywa kwa bomba jembamba hadi kibandani, ikapitishwa katika kromatografia na spektromita kwa pamoja, haidrojeni ikiandikwa katika safu yake na heliamu katika safu yake, na bomba la shaba lililobanwa ncha mbili hupelekwa maabara ya mbali, ambako mpimaji asiyekiona kisima wala mwenye kisima huanza upya.